Betri Nilizoanika Juani

Makindu,
Jumapili mchana

Mumbua mwanangu,

Mmeenda kanisani kuombewa safari, wewe na baba yako, na mimi nimebaki nyumbani nikisingizia mguu. Mguu hauumi hata kidogo. Nimebaki kwa sababu nina jambo la kukuambia ambalo mdomo wangu umelikataa kwa miaka kumi, na wewe unajua mdomo wangu haukatai kitu. Kwa hivyo nimechukua kalamu.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji ya kunywa, wala neti ya mbu, wala wanaume wenye pikipiki. Baba yako amekuambia hayo tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia mpaka nikamwonea huruma yeye. Mimi nataka tuongee juu ya mashine.

Wiki iliyopita ulituwekea mezani ile karatasi ya mradi wa mifugo unaoenda kuufanyia kazi, yenye picha mbili. Kompyuta za mkononi, moja ya kuandika kwa kikalamu juu ya kioo, nyingine yenye vibonyezo vidogo kama punje za mtama. Ukatusomea kwamba Jumatano mkifika Tseikuru kila mmoja atachagua anayotaka, na mwenye mashine ataenda kuzunguka na wafugaji kwenye visima na malisho, aandike kila mnyama na chanjo yake. Asiyetaka mashine atabaki ofisini kupanga chupa za dawa. Baba yako akasema chukua ile ya kalamu, ndiyo ya kisasa. Nawe ukacheka, ukasema, "Mimi na mashine, Baba? Si mnanijua? Nitawaambia wanipe daftari tu, nikae na chupa zangu."

Baba yako alicheka pia. Mimi nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wamelala zamani. Nilisimama pale nyuma ya tangi la maji nikajiambia, wewe mwanamke, huyu mtoto amesoma miaka miwili kutibu ng'ombe, tangu akiwa mdogo kazi yake ni kufuata mbuzi wa watu akiwatazama macho, na sasa anaenda kufungiwa kwenye stoo kwa sababu yako.

Ndiyo, kwa sababu yangu. Kaa chini, nikuambie vizuri.

Unakumbuka oganaiza, ile mashine ndogo ya mkononi ya kuwekea majina. Sijui kama kuna siku umeisahau. Wakati ule baba yako alikuwa bado anaendesha lori la kwenda Mombasa, na mimi nilikuwa katibu wa mwethya wetu, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu. Kina mama thelathini na wawili, na kazi yetu ilikuwa kuchimba mitaro ya fanya juu ili mvua isibebe udongo, leo shamba la huyu, kesho kutwa shamba la yule, mpaka tuzunguke wote. Zamu tulikuwa tumezipigia kura. Majina nilikuwa nayo kwa daftari, na nikasema siku moja mbele ya baba yako kwamba daftari limechakaa, mvua imelinyeshea, panya wamelionja. Nilisema tu, kama vile mtu anasema jua ni kali. Kumbe mwenzangu aliweka moyoni.

Akarudi kutoka Mombasa na oganaiza mbili ndani ya mfuko wa karatasi. Mwenye duka alikuwa anamjua, akamwachia zote aje nazo nichague, ile nisiyoitaka arudishe safari inayofuata. Moja ilikuwa nyeusi, nene, yenye maandishi makubwa na kijitabu cha maelezo kinene kuliko yenyewe. Nyingine ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, inafunguka na kufungika, na ukibonyeza inakuambia saa ngapi Tokyo. Haki mimi, mtu wa Makindu, ningefanya nini na saa za Tokyo? Lakini niliishika ile ya fedha, nikaifungua kwa mkono mmoja, nikaifunga, ikalia *ta!* na moyo wangu ukaenda. Sikuuliza inatumia betri gani. Sikuuliza ikizimika inakuwaje. Ile nyeusi sikuigusa hata kuifungua. Nilichagua mashine namna msichana anavyochagua viatu vya harusi, na nitakuambia ukweli wote leo, kesho yake nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kuifungua ili kina mama wakiniona waone nimezoea.

Ujue pia nilivyokuwa. Kwenye ule mwethya ni mimi peke yangu niliyefika kidato cha nne. Wengi hawakujua kusoma, na mimi sikuwaacha wasahau hilo. Sikusema kwa maneno. Lakini kuna namna ya kushika kalamu mbele ya mtu asiyejua kusoma inayosema kila kitu. Hiyo namna nilikuwa nayo.

Tuliyaingiza majina pamoja, mimi na wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka hiyo sehemu? Ninaogopa umeikumbuka ile nyingine tu. Ulikaa hapa upande wangu wa kulia ukinisomea kutoka kwa daftari, "Mama Nduku, Mama Kasyoka, Mama Mutua," na mimi nikitafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayetafuta mchwa. Ni wewe uliyegundua namna ya kuandika herufi kubwa. Ni wewe uliyegundua kwamba ukikosea unarudi nyuma bila kufuta jina zima. Ulinifundisha, Mumbua. Vidole vyako vilikuwa vyepesi na havikuogopa, na nikamwambia baba yako, huyu mtoto mashine zinamsikia. Hayo maneno nilisema, muulize.

Tulipomaliza nikafanya upuuzi wa kwanza. Nikalibeba daftari mpaka shambani kwa aliyekuwa na zamu siku hiyo, nikawaambia kina mama, "Daftari limestaafu," nikafungua oganaiza kwa mkono mmoja, *ta!* Wakapiga makofi, wakacheka. Jioni daftari likawasha moto wa kupikia muthokoi. Lilikuwa na kurasa nzuri kavu.

Tulienda hivyo miezi kadhaa, na nilifurahi sana, siwezi kukudanganya. Kisha maandishi yakaanza kufifia. Nikawa lazima niielekeze kwa jua ndipo nisome. Nikajua ni betri. Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Asubuhi ile nilikukuta umekaa nayo kwenye kona ukiangalia saa za Tokyo. Nikakugombeza, nikakunyang'anya. Halafu nikaifungua kuona kama umeharibu. Majina yote yalikuwepo. Nimesema yote. Yalikuwa yamefifia kama maandishi ya gazeti la mwaka jana, lakini niliyapitia moja moja kwa macho yangu, kuanzia la kwanza mpaka la thelathini na mbili. Wewe ulikuwa umeshaigusa, umeshaiweka chini, umeenda shule. Na majina yalikuwepo.

Baada ya wewe kuondoka ndipo nikafanya kile ambacho kila mtu hapa kwetu anafanya na betri za redio zikichoka. Nikageuza oganaiza, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri zote. Mbili kubwa, na ile moja ndogo bapa kama kifungo. Nikaziweka kwenye ungo pamoja na betri za redio, nikaanika juani juu ya paa la banda, zipate nguvu. Nikaenda kuchota maji na roho yangu safi.

Mchana nikazirudisha. Ikawaka, ikang'aa vizuri hata. Ikaniuliza tarehe ya leo ni gani, kama mgeni aliyeingia nyumbani kwa mara ya kwanza. Nikabonyeza majina, hakuna. Nikabonyeza tena, hakuna. Nikageuza nyuma, na ndani ya kile kifuniko, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, palikuwa pameandikwa kwamba usitoe betri zote kwa wakati mmoja, kile kibetri kidogo ndicho kinachoshikilia kumbukumbu ukibadilisha hizo kubwa. Maandishi hayo yalikuwa hapo tangu siku ya kwanza. Mimi msomi wa mwethya, sikuwa nimesoma.

Nikiwa bado nimeketi nayo miguuni, kina mama wakapiga hodi. Walikuwa sita au saba, wametoka shambani, wana majembe. Walitaka kujua keshokutwa ni kwa nani. Nawe ukaingia nyuma yao, unatoka shule, umebeba viatu mkononi.

Wakaona uso wangu. Mmoja akasema, "Ni nini, Mama Mumbua? Kitabu chako kimelala?"

Nikawaambia, "Ni huyu mtoto. Nimemkuta asubuhi akibonyeza-bonyeza. Amefuta majina yote."

Mumbua, hayo maneno yalitoka upesi kuliko pumzi. Sikuyapanga. Lakini pia sikuyarudisha, na kulikuwa na nafasi ya kuyarudisha. Ulinitazama. Hukukataa. Hilo ndilo linanila mpaka leo, ungesema "si mimi" ningepata pa kushika, lakini uliniamini mimi kuliko ulivyojiamini. Ukaangalia mkono wako, huu wa kulia, ukauweka nyuma ya mgongo. Kisha ukalia. Na wale kina mama wakasema yao, "Aai, watoto wa siku hizi," "huyo mkono unawasha nini," na mmoja akakupiga kofi dogo la mgongoni, si la kuumiza, la kukufunza. Nami nikatazama.

Lingekwisha hapo, lingekuwa kosa dogo. Halikuisha, kwa sababu wale kina mama hawakuhitaji mashine. Kila mmoja alijua anamfuata nani. Hapo hapo mlangoni wakaanza, "Mimi namfuata Mama Nduku," "Na mimi namfuata yeye," "Na mimi nafuata huyu," mlolongo ukawa unajijenga wenyewe mbele ya macho yangu, majina manane, tisa, bila karatasi. Baada ya dakika tano wangekuwa wamemaliza zamu zote. Nikaona aibu. Nikaona kumbe muda wote huu hawakunihitaji, walikuwa wananiheshimu tu. Badala ya kucheka nao, nikainua mkono nikasema, "Hapana, kila mtu atakumbuka anavyotaka yeye. Nitapanga upya." Nikapanga upya, kwa kichwa changu, kwa hasira, nikianza na walio karibu na kwetu.

Mama Kasyoka alikuwa amebakiza watu wawili afikiwe. Kwenye orodha yangu mpya akawa wa mwisho kabisa, kwa sababu anakaa mbali, kule kwenye mteremko wa mto. Akaniambia mara moja tu, kwa upole, "Lakini Mama Mumbua, mimi nilikuwa namfuata Mama Nduku." Nikamjibu, "Hiyo ni ya zamani. Mtoto amefuta." Akachukua jembe lake, akaenda.

Mvua ya mwaka ule haikungoja orodha yangu. Ilikuja na nguvu mapema, na shamba la Mama Kasyoka lilikuwa halina hata mtaro mmoja. Ndengu zake, mbaazi zake, na udongo wa juu wote vikashuka mtoni kwa siku mbili. Nilienda kumpa pole. Pale palipokuwa na shamba palikuwa na mawe meupe yaliyooshwa. Alikuwa amesimama na kanga kichwani, na unajua aliniambia nini? "Usimpige mtoto. Mtoto ni mtoto. Mimi nimeshamsamehe."

Nikasema asante. Nilimwambia asante, Mumbua.

Tangu hapo umeishi na huo msamaha ambao haukuwa wako. Shuleni wakakuita Raba, kwa sababu unafuta majina, nawe ukalicheka jina hilo ili wasijue linauma. Kila likizo unachukua jembe unaenda kwa Mama Kasyoka kupalilia. Kanisani wakasema, mwaona mtoto aliyelelewa. Wakanipongeza mimi! Nikawa nakaa kwenye ile benchi natazama viatu vyangu. Na hapa nyumbani nikawa naona. Redio ukitaka kubadilisha stesheni unaniita mimi, hata mikono yangu ikiwa na unga. Kikokotoo cha shule ulikuwa unampa jirani akubonyezee. Mwaka jana ulituambia ukicheka kwamba chuoni kuna darubini ya kuangalia damu ya ng'ombe, na kwamba kila siku rafiki yako ndiye anayeizungusha, wewe unachungulia tu. Baba yako akasema una bahati ya marafiki. Mimi nilijua si bahati. Nilijua kila mara, na kila mara nikajiambia, ni mdogo, atasahau, nitamwambia akimaliza darasa la nane, nitamwambia akimaliza fomu foo. Mtu anaweza kuahirisha kitu mpaka kiwe kama samani ya nyumba, anakizunguka tu.

Alhamisi nilienda kwa Mama Kasyoka. Wewe ulifikiri nimeenda sokoni. Nilimkuta anapepeta kunde. Nikamwambia yote, betri, ungo, paa la banda, yote, nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kuketi. Akaacha kupepeta.

Kisha akaniuliza, "Mumbua anajua?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia nifanye nini na haya maneno, Mama Mumbua? Udongo wangu ulishaenda baharini. Mitaro nilichimbiwa baadaye, navuna. Lakini huyo msichana amelima shamba langu miaka kumi." Sauti yake ikapanda kidogo, na wewe unamjua hapandishi sauti. "Miaka kumi nikimwambia nimekusamehe, nimekusamehe. Umenifanya nimdhulumu mtoto na mdomo wangu mwenyewe. Enda umpe haki yake kabla hajapanda basi."

Hakunikaribisha chai. Na nilistahili hivyo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, basi zikinipita, nikalia njiani kama mtoto, mtu mzima na kiondo changu begani. Jioni nikamwambia baba yako. Alizima redio, akakaa, akasema, "Na mimi nilikuwa nikimwita Raba pia."

Basi ndiyo hiyo. Mkono wako haukufuta kitu. Rudia kwa sauti ukitaka. Uliigusa, ukaiacha nzima, na mimi mama yako nikaiua juani pamoja na betri za redio, kisha nikakutwika wewe.

Siombi unisamehe leo. Umeona mwenyewe msamaha wa haraka unaweza kufanya nini.

Sasa ile karatasi ya picha mbili. Ulipolala nimeisoma mara tatu, mbele na nyuma, na maandishi madogo ya chini kabisa nimeyasoma na miwani ya baba yako juu ya miwani yangu. Sitakuchagulia, nilishachagua mashine mara moja maishani na umeona matokeo. Lakini nitakuambia ningeuliza nini kama ningepewa ile siku tena. Ile ya kikalamu inachajiwa kwa stima, inakaa kwenye kitako chake. Uliza ofisi yao ina jenereta ya saa ngapi, na ukiwa malishoni siku nne na wenye ngamia utaichajia wapi. Ile ya vibonyezo inakula betri nyembamba mbili, hizo hata duka la Tseikuru haliwezi kukosa, lakini vibonyezo na vumbi la huko sijui kama wataelewana. Uliza ikizimika kabisa inakumbuka kwa muda gani. Uliza kama kazi yako itahamishiwa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, na kila baada ya siku ngapi, na ni nani anahamisha, na akiwa mgonjwa ni nani. Wakikuona una maswali mengi, waache wakuone. Aliye na haraka ya kukupa jibu bila kugeuza mashine aangalie nyuma, mwambie aigeuze.

Na usiangalie inavyong'aa. Hilo sina haja ya kukueleza.

Kuna moja tu nitaongeza, halafu nikuache. Utakutana na mzee wa mifugo aliye na ng'ombe sitini, hajui hata kuandika jina lake, na atakutajia kila mmoja kwa rangi na kwa mama yake na kwa mwaka wa ukame aliozaliwa. Mashine yako itasema hamsini na tisa. Usimwambie mashine imesema. Ketini, mhesabu naye tena. Mimi nilisimama mlangoni mwangu nikasikia wanawake wakitaja ukweli wote kwa midomo yao, nikawanyamazisha kwa ajili ya kitu kilichokuwa kitupu mkononi mwangu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoijutia zaidi, baada ya ile yako.

Usifikiri nakutuma uende ukashike mashine ili mimi nipate usingizi. Labda kidogo, sitakataa. Lakini nilikuona wewe kabla ya ile siku, Mumbua. Ni mimi pekee ninayekumbuka ulivyokuwa, maana wewe mwenyewe ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa unafungua kila kitu. Kufuli, saa ya ukutani, taa ya karabai ya mwinjilisti mpaka akaomba tukuzuie. Hukuwa unaharibu, ulikuwa unarudisha kila skrubu mahali pake na kutuambia ndani kuna nini. Huyo mtoto nilimfungia ndani mimi. Naomba umtoe, kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Nasikia nyimbo za mwisho huko kanisani, kwa hivyo mtakuwa njiani sasa hivi. Sitaiweka barua hii kwenye sanduku lako. Nilifikiria hivyo mwanzoni, uisome ukiwa umeshapita Machakos, na nikaona huo ni uoga uleule. Nitakupa mkononi ukivuka mlango, kisha nitamwambia baba yako atoke, nami nikae jikoni. Ukimaliza kusoma, njoo. Sema unachotaka kusema, kwa sauti unayotaka, sitakukatiza, na sitalia ili unionee huruma, nitajaribu. Ukitaka kuvunja sufuria kuna ile iliyotoboka. Na ukiona huwezi kuniongelesha leo, wala kesho asubuhi kwenye basi, wala mpaka Krismasi, nitaelewa, usiniandikie hata mstari. Lakini Jumatano wakiuliza nani anataka mashine, inua huo mkono wa kulia.

Mama yako